Ukuta Unatoka Jasho: Kisa cha Nyumba Moja na Maji ya Njia Mbili

"Mwanangu, huu ukuta unatoka jasho."

Mama alikuwa amesogeza kabati la chumbani kwake kutafuta funguo zilizoangukia nyuma. Aliegemeza kiganja ukutani ili asiyumbe, na rangi ikabonyea chini ya mkono wake, laini kama lengelenge. Alipobonyeza kwa kidole ikapasuka, na maji yenye rangi ya kutu yakachuruzika hadi sakafuni. Mgongo wa kabati, ule ubao mwembamba wa plaiwudi, ulikuwa mweusi kwa ukungu kuanzia miguuni hadi usawa wa goti. Siku nne baadaye mvua ilinyesha usiku kucha, na alfajiri kipande cha dari ya korido, ukubwa wa mlango, kilianguka na kusambaa sakafuni kama uji.

Tuko watoto watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kike. Nyumba aliijenga baba mwenyewe, chumba baada ya chumba. Tangu afariki, Mama anaishi humo na mjukuu mmoja. Kazi ya kusimamia matengenezo iliniangukia mimi kwa kuwa naishi karibu. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu maji yale yalikuwa yametuonya kwa miaka miwili, na kila yalipotuonya tulipaka rangi juu yake.

Yaliyotangulia

Doa la korido lilianza dogo, ukubwa wa kiganja. Tukapaka rangi nyeupe. Likarudi likiwa kubwa zaidi. Tukapaka tena, safari hii tukitanguliza rangi ya mafuta ili lisipenye. Ukuta wa chumbani kwa Mama nao ulianza kwa kumwaga unga mweupe chini, karibu na sakafu. Fundi akakwangua, akapiga lipu mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, akamalizia kwa rangi ya mafuta. Nilikuwepo, nikakubali kila hatua, na nikamwambia Mama kazi imekwisha.

Kwa miezi kadhaa ukuta ulikuwa safi. Kisha unyevu ukaibuka juu ya ile lipu mpya, sentimita 60 kutoka sakafuni, wakati mwanzo haukuwahi kuvuka 20.

Wakati huo tuliona kama maajabu. Sasa naelewa, na ni jambo rahisi. Ukuta wa tofali hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji yakishaingia hutafuta pa kutokea, na mlango wao ni uso wa ukuta, ambako hukauka na kwenda na hewa. Ukiuziba uso huo kwa saruji ngumu na rangi ya mafuta, maji hayasimami. Yanapanda hadi yafike mahali ambapo hukuziba. Ule unga mweupe ni chumvi iliyokuwa ndani ya tofali na saruji tangu siku ya kujenga. Maji huiyeyusha, huibeba hadi usoni, kisha yakikauka huiacha hapo. Ikijikusanya nyuma ya rangi hukua kama fuwele na kuisukuma nje. Kwa hiyo malengelenge aliyoyapasua Mama yalikuwa kazi ya mikono yetu kwa kiasi kikubwa: chanzo cha maji hatukukigusa, na njia yao ya kutokea tukaifunga.

Siku ya kwanza

Taa ya korido ilikuwa na maji ndani ya globu yake. Tulizima swichi kuu kabla mtu yeyote hajaingia na ndoo, na hapo sina mjadala na mtu: maji yakiwa darini, umeme unazimwa kwanza, mengine baadaye. Fundi umeme alipofungua kiboksi cha maungio kule juu, ncha za nyaya zilikuwa zimeota kijani. Alitenga laini ya korido na ya chumba cha Mama, akarudisha umeme kwingine, na wiki hiyo hiyo akafunga kifaa ambacho nyumba ile haikuwahi kuwa nacho, kile kinachokata umeme wenyewe unapovuja kwa miliampia 30. Nyumba ya zamani inayovuja bila kifaa hicho inanitisha kuliko ukungu wowote.

Sehemu ya dari iliyobaki ilikuwa imeshusha tumbo. Mtu akiona hivyo hushawishika kuisukuma juu kwa fimbo, au kuiacha hadi fundi aje. Njia salama ni kuweka ndoo chini, kusimama pembeni, na kutoboa kwa bisibisi pale palipoinama zaidi. Tulitoboa. Ndoo ilijaa, tukabadilisha, na ya pili ikafika nusu. Uzito wote huo ulikuwa umekaa juu ya njia anayopita mtoto kwenda kulala.

Baada ya hapo tulikuwa tunashindana na saa. Vitu kama karatasi inayofunika bodi ya jipsamu, plaiwudi, zulia na godoro vikikaa vimelowa kwa saa 24 hadi 48, ukungu huanza kuota. Korido ilikuwa imelowa usiku uliopita, kwa hiyo tuliwahi. Chumbani kwa Mama tulikuwa tumechelewa kwa miezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani unahusisha hali hiyo na kikohozi, kifua kinachotoa mluzi na pumu inayozidi. Mama alikuwa akikohoa kila usiku. Tulimhamishia chumba cha mjukuu jioni ile ile, na hakurudi kulala chumbani kwake hadi mwisho wa kazi hii.

Ndani ya kabati, droo ya chini, kulikuwa na albamu ya picha. Kurasa zilikuwa zimeshikana. Mdogo wangu alikuwa ameanza kuzivuta, na picha ya kwanza ilimwachia nusu ya uso wa baba mkononi, nusu nyingine kwenye plastiki ya ukurasa wa pili. Akalia. Tukaacha. Picha zilizolowa na kushikana hazivutwi, wala haziachwi zikauke zikiwa zimeshikana, kwa sababu zikikauka hivyo hazitatengana tena. Tulijaza beseni maji safi ya baridi, tukazamisha kurasa mbili mbili, tukasubiri. Baada ya muda picha zilianza kuachia zenyewe pembeni, na mdogo wangu akawa anazitelezesha taratibu kwa vidole viwili. Tukazilaza juu ya taulo, uso juu, dirishani lakini si juani. Zile ambazo hatukuweza kuzishughulikia siku hiyo tulizifunga kwenye mfuko wa plastiki tukaziweka kwenye friza, maana zikiganda ukungu husimama, na mtu hujipatia muda. Kati ya picha 64 tulipoteza 9. Nitarudi kwenye picha moja kati ya zilizopona.

Kabla ya kubomoa chochote nilipiga picha kila kona, na kila kilichoharibika, nikiwa nimeweka futi ya kupimia pembeni. Mwenye bima ya nyumba hilo litamsaidia, na aelewe mapema kwamba bomba linalopasuka ghafla na bomba linalovuja polepole kwa miaka mara nyingi hazitazamwi kwa jicho moja na bima.

Kikao

Tulikaa sebuleni siku ya tatu. Kulikuwa na shughuli ya familia wiki tatu mbele, na wageni wangefikia pale.

Kaka alikuwa na mpango tayari. "Tufunge dari mpya ya korido, chumbani tupige marumaru ukutani hadi kiunoni, tupake rangi, tumalize. Marumaru haina kulowa."

"Kaka, maji yanatoka wapi?" nikamuuliza.

"Si paa? Paa limechoka. Tutaweka lami juu."

"Na chumbani kwa Mama? Pale hakuna doa hata moja darini. Maji yanaanzia chini."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo lilikuwa na ukweli wake: kwamba akiba iliyopo inatosha kufunika, na haitoshi kubomoa. Mama ndiye aliyeamua. Alisema wageni wake wanamjua, wakimkuta na ukuta uliobomolewa hawatamkimbia. Tukakubaliana kutopaka hata brashi moja hadi tujue maji yanatoka wapi. Nakiri ilikuwa rahisi kwangu kusema hivyo kuliko kwa kaka, maana yeye ndiye alikuwa anachangia zaidi.

Kufuata maji

Tulikuwa tumezoea kusema "nyumba inavuja", kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Kilichotufungua macho ni kuliuliza kila doa swali lake: unalowa lini?

Doa la korido lilikuwa na duara ndani ya duara, kila duara na ukingo wake wa kahawia, kama pete za mti uliokatwa. Kila pete ni safari moja ya kulowa na kukauka. Maji yanayokuja na kuondoka namna hiyo yanafuata mvua. Ukuta wa chumbani haukuwa na pete. Ulikuwa umelowa masika na kiangazi, sawasawa. Nilizungusha mstari wa penseli kwenye ukingo wa unyevu na kuandika tarehe. Wiki moja bila tone la mvua, mstari ukawa umemezwa.

Kwa ukuta, shahidi wetu alikuwa mita ya maji. Tulifunga koki zote, tukahakikisha tangi la choo limejaa na halichuruziki, nikasoma mita saa 3 usiku. Hakuna aliyegusa maji. Saa 11 alfajiri nikasoma tena: lita 24 zilikuwa zimepita. Ni lita 3 kwa saa, zaidi ya lita 2,000 kwa mwezi, zikiingia mahali ambapo hakuna mtu aliyefungua bomba. Tulifunga valvu ya tawi la bafuni, na ile gurudumu ndogo ndani ya mita ikasimama. Bafu na chumba cha Mama vinapakana kwa ukuta ule ule.

Ilibaki kujua kama ni bomba linaloleta maji au linaloyatoa. Bomba linaloleta lina msukumo muda wote, kwa hiyo huvuja muda wote. La kutoa huvuja pale tu mtu anapooga. Mita ilikuwa imeshajibu sehemu ya kwanza, lakini tulimwaga pia maji yenye rangi nyekundu kwenye shimo la bafu tukasubiri siku mbili, na hakuna wekundu uliojitokeza upande wa chumbani. Bomba la kutolea likasafishwa jina.

Fundi bomba alipasua ukuta kwa tindo sehemu moja tu, sentimita 40 kutoka sakafuni, karibu na mahali koki ya bafu ilipofungwa. Kona ya bomba la chuma ilikuwa imeliwa mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi, na kupitia kitundu kidogo maji yalikuwa yakitoka kwa uzi mwembamba, bila sauti, yakinyonywa na tofali. Kona hiyo ilikuwa imeungwa moja kwa moja na koki ya shaba nyeupe. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, iliyo dhaifu huliwa kwa niaba ya mwenzake, na hapo dhaifu ni chuma.

Paa lilituchukua muda zaidi. Nilipanda darini mchana na tochi nikitarajia kuona tundu juu ya doa. Hapakuwa na tundu. Bati juu ya korido lilikuwa zima. Ila kwenye ubao wa kenchi kulikuwa na njia nyeusi, upana wa vidole viwili, ikipanda kuelekea sebuleni. Nikaifuata nikitambaa, mita 3 hivi, hadi kwenye bonde la paa, pale mteremko wa sebule unapokutana na wa vyumba. Maji hudondoka pale ubao unapoishia au unapokutana na msumari. Walioweka lami juu ya korido miaka iliyopita waliitibu sehemu isiyougua.

Hata hapo sikutaka kubahatisha. Mdogo wangu alikaa ndani na tochi, mimi nikiwa juu na mpira wa maji. Tulianzia chini ya mteremko na kupanda, kila sehemu dakika 15, bila kuruka. Ukianza kumwagia juu, maji hushuka na kulowesha kila kitu, na hutajua ni wapi yameingia. Tulipofika kwenye bonde akapiga kelele. Majani yalikuwa yameziba mfereji wa bonde, maji yakajaa na kurudi nyuma chini ya kingo za bati. Juu ya hilo, mtu aliyewahi kufanya matengenezo alipiga misumari kwenye mabonde ya bati yenyewe badala ya migongo, na mpira wa kila msumari ulikuwa umepasuka kwa jua. Msumari uliopigwa bondeni unasimama ndani ya mto kila mvua inaponyesha.

Kubomoa na kungoja

Tulikata dari ya korido sentimita 30 kupita mahali palipolowa, kila upande. Mbao za dari nilizipima kwa bisibisi: mbao nzima inakataa, iliyooza inaipokea. Ubao mmoja uliipokea sentimita 4 bila nguvu yoyote. Seremala aliikata sehemu laini yote, akaweka mbao mpya ubavuni mwa ile ya zamani na kuzifunga kwa bolti. Zilizobaki tulizipima kwa kipima unyevu hadi zikashuka chini ya asilimia 20, maana chini ya hapo ukungu wa kuozesha mbao hauwezi kuendelea na kazi yake.

Chumbani tuliondoa lipu yote hadi sentimita 50 juu ya ukingo wa unyevu. Inauma kubomoa lipu inayoonekana nzima, lakini ile lipu imejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani hata bomba likishapona. Tuliipiga brashi kavu tofali lililobaki wazi na kukusanya ule unga. Kuuosha kwa maji ni kuurudisha ndani. Wakati wa kukwangua ukungu tulivaa barakoa za aina ya N95, glavu na miwani, tukafunga mlango wa chumba kwa plastiki na kufungua dirisha, na tulinyunyizia sehemu yenye ukungu maji kidogo kwanza ili vumbi lisiruke. Vigae na vyuma vilisuguliwa kwa sabuni. Mgongo wa kabati na godoro vilitupwa. Kaka alikuwa amenunua dawa ya klorini, na kwenye plaiwudi nilimkatalia: inachofanya ni kung'arisha uso, mizizi ya ukungu ikibaki ndani ya ubao. Na mtu asithubutu kuichanganya na dawa nyingine ya usafi, hewa inayotoka inaweza kumuua.

Kisha tukangoja. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo niliyoihangaikia zaidi, kwa sababu kila aliyeingia aliona chumba kisicho na kazi na kuuliza fundi amekwenda wapi. Kuna kipimo cha zamani cha mafundi kwamba ukuta hukauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi. Ukuta wetu una sentimita 15. Hesabu hiyo ilimkatisha tamaa hata Mama. Lakini tulikuwa tumebandua vigae vya upande wa bafuni pia, kwa hiyo ukuta ulikauka kutoka pande mbili. Tulifungua madirisha mchana hewa ipite kutoka chumba hadi korido, na feni ikawa inapuliza sambamba na ukuta usiku.

Wiki ya nne ukuta ulionekana mweupe kabisa, na kwa kiganja ulikuwa mkavu. Kaka alileta fundi wa lipu. Nilimwomba asubiri siku moja. Nilikata kipande cha plastiki angavu, sentimita 45 kwa 45, nikakibandika ukutani kwa tepu pande zote nne bila kuacha upenyo, nikakiacha usiku mzima hadi mchana wa kesho yake. Tulipokisogelea pamoja, upande wa ndani ulikuwa na matone madogo madogo, kama kifuniko cha sufuria. Yangekuwa nje ya plastiki, tungesema ni hewa ya chumbani. Yalikuwa ndani, yametoka ukutani. Kaka aliyatazama muda mrefu. Akamlipa fundi nauli, akamwambia, "Tutakuita." Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa anabandika plastiki kila baada ya wiki mbili, na wiki ya kumi ndipo ilitoka kavu.

Kurudisha na kuboresha

Tulitengeneza orodha mbili kwenye daftari: maji yaliharibu nini, na sisi tunatamani nini. Fedha zote ziliingia orodha ya kwanza hadi ilipoisha. Mdogo wangu alitamani bafu jipya kwa miaka, na sehemu yake aliipata kwa kuwa bafu lilikuwa limeshabomolewa. Sinki jipya halikupata. Nadhani bila orodha zile tungenunua sinki.

Mabomba ya chuma yaliondolewa yote, si ile kona peke yake, maana yalizaliwa siku moja. Tuliweka mabomba ya plastiki ya kuunga kwa moto, yale yanayochomelewa kwa joto la nyuzi 260 na kuwa kitu kimoja, tukayapitisha ndani ya kiboksi kwenye kona ya bafu chenye mfuniko wa skrubu. Si pazuri kama ukuta mtupu. Lakini mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuyaona. Bafu na jiko kila kimoja kimepata valvu yake. Kabla ya vigae, sakafu ya bafu ilipakwa tabaka la kuzuia maji likipanda sentimita 15 ukutani, na sehemu ya kuogea hadi juu ya kichwa. Tukaziba shimo, tukajaza maji, tukaweka alama ya penseli, tukaacha saa 24. Alama haikushuka. Ndipo vigae vikapigwa.

Chumbani lipu mpya ilikuwa ya saruji, chokaa na mchanga kwa 1:1:6. Chokaa inaifanya iwe laini na ipumue, na ukuta wenye masalia ya unyevu unahitaji hivyo. Ilinyunyiziwa maji kwa wiki ya kwanza ili isipasuke, ikaachwa wiki nne, ikapakwa rangi ya maji. Rangi ya mafuta haikuingia tena chumba kile.

Paani, bonde lilipata mfereji mpya mpana, misumari ikahamia migongoni, na matundu ya zamani yakazibwa au bati likabadilishwa. Majani kaka huyaondoa kabla ya kila msimu wa mvua. Nje, udongo wa bustani ulikuwa umepanda kwa miaka hadi kufunika ile dipisi, tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Tuliuchimba hadi ukawa sentimita 15 chini yake, na kuuteremsha kwa sentimita 15 nyingine ndani ya mita 3 ili maji yaikimbie nyumba. Kazi hiyo tuliifanya wenyewe kwa majembe, siku mbili.

Sasa ile picha. Ilikuwa miongoni mwa zilizokaa kwenye friza, na tuliiyeyusha wiki ya sita. Baba amesimama mbele ya ukuta wa bafu ambao haujapigwa lipu, mkono mmoja kiunoni, na nyuma yake bomba linaonekana lote, linavyopanda, linavyokata kona, hadi kwenye koki. Tulikuwa tumeshapasua ukuta kwa siku nyingi. Fundi bomba aliishika kwa ncha za vidole, akaipeleka karibu na dirisha, akasema, "Mzee aliacha ramani."

Basi kabla lipu haijapigwa nilimwomba Mama asimame pale pale, na mjukuu ashike futi kutoka sakafuni hadi kwenye bomba. Mvua za kwanza zimepita, na mita usiku haisogei. Kabati jipya limewekwa sentimita 10 mbali na ukuta, na ndani ya mlango wake, usawa wa macho, zimebandikwa picha mbili: ya baba na ya Mama, ukuta mmoja, bomba linaonekana.